Nzi wa Pipa Namba Tisa

Kwa miaka thelathini na moja nilitengeneza nzi, na sikuwahi kumwona hata mmoja akitua majini. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Unabana ndoano ndogo kwenye jiliwa, unaizungushia uzi na manyoya ya kuku mpaka iote mbawa na mkia, ili samaki akiiona aseme leo riziki imenifuata mlangoni.

Tulikuwa wanawake ishirini katika karakana moja ndefu, kila mmoja na taa yake na pipa lake dogo la taka chini ya meza. Langu lilikuwa namba tisa, na ndilo lililojaa upesi kuliko yote. Mimi natumia mkono wa kushoto, basi mbawa za nzi wangu zililala upande kama mlevi anayetafuta mlango wake. Msimamizi alikuwa akimwinua mmoja kwa kibanio mbele ya watu wote.

"Kushoto, na huyu naye anaumwa mgongo?"

Wenzangu wanacheka, mimi nacheka kuwashinda, nzi anaingia pipani. Nusu ya kazi ya mikono yangu iliishia humo. Nilipostaafu wakanipa saa ya ukutani. Saa! Mtu keshamaliza kuwahi kazini ndipo anapewa saa.

Mwaka jana jicho la kulia likafunga duka. Daktari akalikagua la kushoto akasema nalo linafuata, huenda lisimalize mwaka. Nilirudi nyumbani nikawaza, na Mungu anisamehe, sikuwawaza wajukuu. Wajukuu nawajua hata kwa harufu. Niliwaza nzi. Nilitaka nimwone samaki mmoja tu akidanganywa na kitu nilichokifunga mimi, nisife nikiwa mtu aliyelipwa kujaza pipa.

Ila sikuwa na nzi wangu hata mmoja. Wazuri waliuzwa, wabaya walitupwa, na jicho lililobaki halioni tena uzi mwembamba vile. Nikasema basi, hata wa mwenzangu atafaa, karakana si moja?

Binti yangu ni nesi, hofu ndiyo chakula chake. "Mama, hata sindano nakutungia uzi mimi, wewe unataka kwenda mtoni?"

"Mto ni mkubwa kuliko tundu la sindano, mwanangu."

Akatafuta funguo za gari.

Mwalimu wa kwanza tulimpata kwa tangazo lililobandikwa kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Tulimwita Bwana Vesti kwa ajili ya vesti yake ya uvuvi yenye mifuko kumi na saba. Niliihesabu, maana sikuwa na kazi nyingine. Asubuhi nzima alisimama upande wa jicho langu lililokufa, akinieleza habari za upepo. Fimbo ya kuvulia akanishikisha mkono wa kulia.

"Mimi ni wa kushoto, mwanangu."

"Utazoea, bibi."

Miaka sitini na tisa sijazoea, nikazoee kabla ya chakula cha mchana? Nilipokosea mara ya tatu akaninyang'anya fimbo ili anionyeshe, na hakuirudisha tena. Nikamwacha afurahi. Nikajitembeza ukingoni kuelekea chini ya mto, na huko nikamkuta mwanamume mwenye ndevu za mvi na koti kuukuu, kimya, akitoa samaki wa madoa mmoja baada ya mwingine na kuwarudisha majini.

"Unawadanganyia nini?" nikamuuliza.

Akanyoosha kiganja. Nikainamisha jicho langu karibu kabisa, kama mtu anayenusa. Katikati ya kiganja alilala nzi mdogo, mbawa zote zimelala upande.

Mtu hasahau mwanawe. "Umemwiba wapi huyu?"

"Sikuiba," akasema. "Nimeokota. Pipa namba tisa." Kisha akanitazama vizuri. "Ni wewe, dada Kushoto? Mimi si mfagizi wenu?"

Alikuwa yeye. Kijana mwembamba aliyekuwa akipita na gunia kila jioni kumwaga mapipa yetu, sasa ana ndevu za mvi. Akanieleza kwamba siku moja alijaribu mmoja wa taka zangu kwa mzaha, na samaki wakamgombania. "Nzi mzuri sana samaki anamtilia shaka," akasema. "Wako anaonekana yuko taabani. Nani atakiacha chakula kisichoweza kukimbia?"

Kutoka mfukoni akatoa kopo la peremende. Zamani lilijaa nzi wangu, akasema. Sasa walibaki wawili, pamoja na yule wa kiganjani.

Nikakaa chini kwenye majani. Nikamwambia anifundishe. Bwana Vesti nilimlipa siku yake na kumshukuru kwa dhati. Bila maneno yake mengi nisingetembea.

Wiki mbili mfagizi alinifundisha uani kwake, bila ndoano, kishungi cha sufi tu mwisho wa uzi, na beseni kuwa ndiyo mto. Alisimama kushotoni kwangu, upande ninaoona, bila kuambiwa. Fimbo akaiweka mkono wangu wenyewe, wa kushoto. Kosa langu lilikuwa haraka. Uzi haujanyooka nyuma, mimi nimeshausukuma mbele.

"Uamkie," akasema. "Ukiurudisha nyuma, sema shikamoo. Usiulete mbele kabla haujakuitikia."

"Mimi niuamkie uzi? Mwenye wajukuu saba?"

"Una kiburi, ndiyo maana uzi unajifunga."

Nikauamkia. Shikamoo, nikangoja, nikausikia ukinyooka nyuma yangu, marahaba, mbele. Kishungi kikaangukia beseni. Binti yangu akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Mtoni nzi wa kwanza nilimpoteza palepale. Nilisahau salamu kwa papara, akabaki kwenye kichaka ng'ambo, hafikiki. Mfagizi akamfunga wa mwisho.

"Mtupe wewe," nikamwambia. "Mimi nitazame tu."

"Dada, nimevua miaka mingi kwa mikono yako. Leo vua mwenyewe."

Shikamoo. Nikangoja. Marahaba. Yule mlevi wangu akatua, akaelea akiyumba, na maji yakafunguka kama mdomo. Nilimwona! Madoa, taya, na nzi wangu akipotea ndani. Fimbo ikapinda, binti yangu akapiga kelele "Mama, usianguke!" na mimi nikacheka na kulia kwa jicho lilelile moja. Samaki tulimrudisha. Ameniamini, si adabu kumla mteja.

Mfagizi akamkausha nzi kwa shati lake, akamfungia ndani ya kopo, akanipa. Nikasimama mbele yake, nikavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

Akaruka nyuma. "Dada! Mimi ni mdogo wako kwa miaka kumi, usinitafutie laana."

"Uzi uko nyuma, bwana. Nangoja."

Akatazama maji, akatazama viatu vyake, akapangusa uso kwa mkono wa koti.

"Marahaba," akasema, taratibu.