Miwani ya Zamu

"Wewe macho unayo mawili. Mimi hili likipigwa, ndiyo basi."

"Kwa hiyo la kwangu ni akiba yako? Leo zamu yangu, wifi."

"Jana ilinyesha, hatukugonga hata jiwe. Haihesabiki."

Ni Chongo na wifi yake, dada wa mumewe, wanagombea miwani mbele ya rundo la mawe. Miwani yenyewe ya plastiki, mkono mmoja umefungwa kwa waya. Siku zote anayeivaa ndiye anayegonga kokoto ndogo, maana ndogo ndizo zinazoruka; mwenzake anapasua makubwa. Leo dereva wa lori anataka ndogo tupu, kwa hiyo wote wawili watagonga ndogo. Lisipojaa, jioni sufuria haipandi jikoni.

Mumewe peke yake humwita Kengeza. Ukipenda chongo utaita kengeza. Wengine wote wanamwita Chongo, naye anaitika tu.

Jicho liliondoka kijinga. Kipande cha jiwe kiliingia, akasema vumbi tu, akaliosha kwa chai baridi, akarudi kugonga. Zahanati wakamwambia aende hospitali kubwa. Nauli ikapatikana, ikaishia kwenye unga. Alipofika, daktari akamuuliza siku zote alikuwa wapi. Akasema, kazini.

"Haya, shika," wifi akasema, akamtupia miwani mapajani. "Sitaki upofuke, kaka yangu aje akuburute kwa fimbo kama mbuzi wa mnadani."

Chongo akaivaa upesi, mwenzake asije akaghairi. Vioo vimechubuka mpaka dunia inaonekana kama maziwa yaliyotiwa maji.

Wakagonga. Wifi alikuwa anafumba macho kila nyundo inaposhuka, anajipiga vidole, anaitukana nyundo, anacheka peke yake. Baadaye akaacha kucheka. Dereva akapiga honi. Baadaye tena wifi akaacha kufumba, maana kwa kufumba rundo lilikuwa haliongezeki.

Nyundo yake ikanyamaza.

Chongo akainua miwani kidogo, apate kuona. Wifi ameinama, anajipangusa jicho kwa upindo wa gauni.

"Nini?"

"Vumbi tu."

"Hebu nione."

"Vumbi tu, wifi. Gonga, lori linangoja."

Chongo akashusha miwani. Wifi akasimama, akageuka, akaenda zake kule lilikokuwa birika la chai, kiganja kimoja jichoni.