Mama Akisimama

Kaka yangu Kinuthia alimwita Aoko muuaji kwenye lango la nyumba ya mama, mtaani Kimbo, Jumamosi asubuhi, majirani wakianika nguo. Alikuwa amemkuta mama jicho limevimba na shavu limegeuka zambarau.

"Huyu msichana anampiga," aliniambia nilipofika kutoka Thika, ninakofundisha biolojia. "Tunaenda polisi saa hii. Aoko, chukua kitambulisho chako."

Aoko, msichana wa kazi anayemwita mama Shosho, yaani bibi, amemtunza tangu ugonjwa wa Alzheimer ulipomsahaulisha jina la baba. Mimi mama huniita mwalimu mgeni, na Kinuthia humwita fundi wa stima. Aoko peke yake ndiye anayeitwa kwa jina lake, na ni mkononi mwake tu mama hukubali chakula. Akiondoka, mama atalala njaa. Kinuthia, anayekuja mara moja kwa mwezi na mkate na maziwa, hakuwa na habari hiyo.

"Ulimwona akimpiga?" nilimuuliza.

"Lazima nione? Yeye anasema mama huanguka, lakini mtu ataangukaje kila wiki bila kusukumwa? Nimeuliza huko kliniki. Presha ya mama iko sawa."

"Walimpima ameketi?"

"Ulitaka wampime akiruka kamba?"

Sikucheka. Mtu anaposimama, damu huteremka miguuni. Mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuifikiria huibana mishipa ya damu na kuuhimiza moyo, ili ubongo usikose damu. Ugonjwa wa mama hauli kumbukumbu tu. Unaweza kuharibu pia sehemu za ubongo zinazotoa amri hizo, na hapo amri huchelewa au haifiki kabisa. Kumpima mtu kama huyo akiwa ameketi, kisha kutangaza kwamba yuko sawa, ni kukagua breki za gari lililoegeshwa. Na kwa ukaguzi huo kaka yangu alikuwa tayari kumfunga mtu.

Nilitoa mashine ya presha kwenye begi. Mama alikuwa amejilaza kwenye kochi: mia moja arobaini na nane. Mimi na Aoko tukamsimamisha, tumemshika huku na huku: tisini na nne. Moyo haukuongeza mwendo hata kidogo. Tukamkalisha haraka.

"Soma mwenyewe," nilimwambia Kinuthia.

"Kamashine ka kununua mtaani! Ngendo, kweli wewe ni wa kumtetea mtu wa kutoka huko mbali, umwache mamako?"

"Huko mbali kunaingiaje kwa presha?"

"Wacha tu, Mwalimu," Aoko alisema. "Twende hao polisi. Lakini mniambie, nani atampa Shosho uji wa saa nne?"

Kinuthia, ambaye ni mzee wa kanisa, alivua kofia yake.

"Kabla hatujatoka, tuombe."

Mama amesahau mengi, ila miaka yake yote katika chama cha akina mama kanisani, neno hilo lilimaanisha kusimama. Akasimama. Aoko alikuwa mlangoni na kitambulisho chake, mimi nilikuwa nakunja waya wa mashine, na Kinuthia amefumba macho. Rangi ilimtoka mama usoni, magoti yakalegea. Aoko alitupa kitambulisho, akaruka, akamdaka kiunoni. Kichwa kilikosa pembe ya meza kwa upana wa kiganja.

Kinuthia alifumbua macho. "Nani amem..."

Mama alipoanza kuanguka, hapakuwa na mtu karibu naye. Na aliyemsimamisha alikuwa Kinuthia mwenyewe, kwa neno lake.

Tulimlaza, miguu tukaiweka juu ya mito. Baada ya muda akatazama juu.

"Aoko, wageni wamekunywa chai?"

"Bado, Shosho. Wanagombana kwanza."

Nilimwambia Kinuthia kwamba Jumatatu nitampeleka mama kliniki wampime akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na waziangalie upya dawa anazopewa. Sitaondoka kabla hawajafanya hivyo. Aliitikia kwa kichwa, akaokota kitambulisho sakafuni na kumnyooshea Aoko.

"Haya, yameisha. Endelea na kazi."

Aoko hakukipokea. "Hayajaisha, Baba Becky. Uliniita muuaji pale nje, watu wote wakisikia. Hapa ndani nilikuwa najijua tayari kwamba sina hatia."

"Sasa unataka nipige magoti?"

"Nataka useme palepale kwamba mimi si muuaji. Kwa sauti ileile."

Kinuthia alinitazama. Nilimfungulia mlango.

Alitembea hadi langoni, akamumunya maneno fulani akiutazama ukuta.

"Hatusikii, Baba Becky!" jirani alimpigia kelele kutoka kwenye kamba za nguo.

"Sauti ileile," Aoko alisema bila kugeuka, akimwekea mama mto vizuri.

Kinuthia akarudia.