Mama Diane Afunga Duka la Watoto

Candide alikuwa na duka la vitu vya watoto wachanga katika barabara ya Rockey, upande wa Bellevue, katikati ya saluni ya Wakongo na duka la simu la Mtanzania aitwaye Salum. Wachache walimjua kwa jina la Candide. Walimwita Mama Diane, kwa jina la binti yake wa pekee, na duka nalo likaitwa hivyo hivyo, ingawa kibao cha juu ya mlango kilikuwa na maneno mengine ambayo mvua ilishayafuta nusu.

Alikuwa Mrundi, mzaliwa wa Bwiza kule Bujumbura. Alipofika Johannesburg alianza kwa kuuza soksi za watoto barabarani kule Doornfontein, amezitandaza juu ya kitenge. Baadaye akapata chumba hiki cha duka, na kwa miaka mingi kilimlipa. Aliuza nepi, chupa za maziwa, vitanda vya mbao, mablanketi na nguo. Mwaka wa Kombe la Dunia aliuza vijezi vya manjano vya watoto wa miezi mitatu mpaka vikamwishia.

Kitu kimoja kilimtofautisha na wengine. Wanawake wengi wa mtaa ule, Warundi, Wakongo, hata Wazimbabwe, hawakutaka kuingiza nguo za mtoto nyumbani kabla hajazaliwa. Waliona ni kuita balaa. Basi walikuja na matumbo yao, wakachagua polepole, kisha Candide akavitia vitu kwenye mfuko na kuuning'iniza kwenye ndoano ukutani, huko nyuma. Mtoto akizaliwa, baba ndiye aliyekuja kuuchukua. Wengine walifika mbio moja kwa moja kutoka hospitali, bado wamevaa sare za ulinzi, hawajui wacheke au walie. Candide alikuwa mtu wa kwanza mtaani kujua kama ni wa kike au wa kiume.

Mambo hayakuharibika siku moja. Zilianza nepi. Supamaketi iliyofunguliwa karibu na robot, yaani taa za barabarani, ilikuwa ikiziuza kwa bei ambayo yeye mwenyewe hakuipata kwa jumla. Zikafuata nguo: wanawake wa barabarani walizileta kwa marobota kutoka kwa Wachina na kuzimwaga chini mbele ya mlango wake. Halafu watu wakaanza kwenda mall, ambako unaegesha gari, unasukuma kitoroli, na kila kitu kinang'aa. Mwisho zikaja picha za kwenye simu. Mtu anauza kitanda cha mwanawe aliyekua, mwingine anakwenda kukichukua, wamemaliza. Kufikia mwaka 2013 ndoano za ukutani zilikuwa tupu, isipokuwa moja.

Hiyo ndoano ilikuwa ya Diane.

Diane alikuwa na mimba ya miezi saba. Alifanya kazi ofisini, akijibu simu za wateja wa bima, na aliishi Kempton Park na mumewe Hénock, Mkongo aliyekulia hapo hapo Johannesburg. Candide alikuwa amemwekea mjukuu wake kitanda cha mbao ya msonobari, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuagiza, na kwenye mfuko alitia nguo alizozichagua moja moja. Juu yake aliweka shali jeupe aliloshona Agnès, fundi wa kike kutoka Bukavu aliyeweka cherehani yake nyuma ya duka. Hakumwambia Diane lolote. Alingoja aje mwenyewe, kama walivyokuja wengine.

Diane hakuja. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi marafiki zake wanamfanyia sherehe ya mtoto, mama asikose.

Candide alifunga duka mapema, akavaa vitenge vyake vya kanisani, akapanda teksi. Alipofika alikuta wasichana wa ofisini wamejaa sebuleni, wanacheka, wanampima Diane tumbo kwa karatasi za chooni ili wakisie ukubwa wake. Walimsalimia vizuri, wakamkalisha kwenye kiti cha heshima, wakampa keki. Alipoinua macho aliona kwamba kona nzima ya sebule imejaa maboksi ya duka kubwa la mall, yamefungwa riboni. Mbele ya maboksi kilisimama kigari cha mtoto cha magurudumu matatu, cheusi, kipya. Kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi aliona kitanda cheupe kimeshatandikwa.

Alikula keki yote. Kisha akamfuata Diane jikoni.

Diane aliongea Kiingereza na mama yake alimjibu kwa Kiswahili; ndivyo walivyozoea tangu Diane alipoanza shule.

"Hivi vyote umeviingiza ndani, na mtoto hata hajalia?"

"Mama, huku hakuna anayeamini mambo hayo."

"Sisemi habari ya kuamini. Nimekuwekea kitanda. Nimekuwekea nguo. Mama yako ana duka, Diane. Watu wote hawa watasemaje?"

Diane aliufunga mlango. Alikuwa amevimba miguu, akaegemea friji.

"Nilipita dukani mwezi uliopita. Hukuniona. Ulikuwa umekaa, mkono shavuni, umesinzia. Nikatazama dirishani. Mama, nguo za pale zimepauka na jua. Lile gauni jeupe limekuwa rangi ya chai."

"Kwa nini hukuingia?"

"Ningeingia ningenunua. Na ningenunua kwa kukuonea huruma. Sikutaka kumnunulia mtoto wangu vitu kwa huruma."

Candide aliosha sahani yake ya keki, akaifuta, akaiweka kabatini, kwa sababu mikono ilikuwa ikitaka kazi. Kisha akawaaga wasichana mmoja mmoja, akasema teksi za jioni zinasumbua.

Nyumbani, kwenye chumba chao cha Bellevue, alimkuta mumewe Vénérand ametoka kazini, miguu yake ameilowesha kwenye beseni la maji ya chumvi. Vénérand alikuwa mlinzi kwenye mall. Kutwa nzima alisimama mlangoni, na siku hizi magoti yalikuwa yakimuuma kuliko alivyokubali kusema.

"Imekwendaje sherehe?" aliuliza.

"Nimekula keki."

"Na Diane?"

"Mzima. Ana kigari cha magurudumu matatu. Ana kitanda. Ana kila kitu."

Vénérand aliyatazama maji ya beseni. Alichelewa kujibu, na katika kuchelewa kule Candide akaelewa.

"Ulijua, Baba Diane."

"Walikuja siku niko zamu," alisema. "Yeye na Hénock. Waliponiona walitaka kurudi. Nikawaambia ingieni, chagueni. Kile kigari nilikibeba mimi mpaka kwenye gari lao."

"Ukarudi hapa ukala chakula changu, ukalala."

"Ningesema nini? Nilikuona unavyokifuta vumbi kile kitanda kila siku. Nilikosa mdomo."

Candide alikaa kitandani. Alingoja hasira ije, maana alikuwa na haki nayo. Ilikuja ndogo, ikapita. Kilichobaki kilikuwa uchovu tu, uchovu wa siku nyingi, kama mtu aliyeshikilia mlango kwa bega na upande wa pili hakuna anayeusukuma tena.

"Jumatatu naongea na Salum," alisema.

Salum alikuwa akiutaka ukuta uliokuwa kati yao uvunjwe tangu mwaka uliotangulia, ili duka lake la simu lipanuke. Alishauliza mara moja, Candide akamkatalia kwa ukali, naye hakurudia. Alipomwona akiingia asubuhi ile, alizima redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukuta wangu bado unauhitaji?"

Salum hakufurahi kama Candide alivyodhani. Alikuna kichwa, akavuta kiti amkalishe.

"Mama, isije ikawa watu wanasema nimekutoa. Walahi sijakuombea mabaya. Wale wa fujo walipokuja kuvunja maduka ya wageni mwaka 2008, bidhaa zangu zote zilijificha nyuma ya nepi zako."

"Hujanitoa wewe. Zungumza na mwenye jengo, mimi natoka mwisho wa mwezi."

"Na utafanya nini?"

"Sijui, mwanangu. Kwanza nitoke."

Aliyekasirika ni Agnès. Candide alipomweleza, alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Wewe umechoka, sawa. Mimi je? Umeniuliza? Miaka yote hii nakushonea mablanketi hapa, leo unaniambia mwisho wa mwezi!"

"Dada Agnès, na mimi nimejua juzi tu."

"Uongo. Umejua siku nyingi. Kila mtu amejua. Mimi ndiye niliyekuwa nikishona kama mjinga."

Kwa siku kadhaa hawakusemeshana, wakapitana katika chumba kile chembamba kama wapangaji waliogombana. Kisha asubuhi moja Agnès akasema, bila kuinua uso, kwamba Msomali mmoja wa Mayfair anatafuta fundi wa kushona mabaibui na sare za madrasa, na kwamba amekubali. "Ni mbali," alisema, "lakini kazi ipo." Candide alimshukuru Mungu kwa sauti, na Agnès akacheka kidogo bila kupenda. Siku alipohama walibeba cherehani wote wawili mpaka kwenye bakkie, gari dogo la mizigo la jirani, mmoja kila upande, na walipoitua Agnès alimkumbatia kwa nguvu.

Candide alibandika karatasi dirishani kwamba anauza vyote kwa bei ya kumaliza. Hapo ndipo watu walipofurika. Wanawake aliokuwa hajawaona miaka miwili waliingia wakisikitika, "Eish, Mama Diane, unatuacha!" huku wakivuta nguo kwenye rafu. Mmoja alimwambia kwamba duka hili lilikuwa roho ya mtaa. Candide alimfungia chupa zake kwenye mfuko na kumtakia siku njema. Hakuwa na nguvu ya kumuuliza alikuwa wapi.

Jumapili ya mwisho, baada ya kanisa, Diane alikuja. Candide alimwona akiteremka kwenye gari la Hénock, mkono kiunoni, tumbo mbele. Aliingia, akatazama rafu zilizobaki wazi, akaanza kukunja nguo bila kuambiwa. Walikunja pamoja mpaka Candide aliposema, "Kaa chini, utajifungulia hapa."

Diane akakaa kwenye boksi.

"Nilisema vibaya siku ile," alisema, safari hii kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Mimi nilikua chini ya meza hii. Najua imenisomesha. Lakini Mama, mimi nikiona duka, naona wewe umechoka. Tangu niko mdogo. Wakati ule sikumbuki umekaa."

"Nisingekaa vipi? Nilikuwa nakaa."

"Lini?"

Candide alifikiri. Akashindwa kuitaja siku.

"Halafu gauni lile ni kweli lilikuwa limepauka," alisema badala yake. "Nimeliona baadaye. Nilikuwa naliangalia kila siku bila kuliona."

Walipokuwa wakiongea waliingia mume na mke vijana kutoka Zimbabwe, mke amebakiza wiki chache. Walitazama vitu vilivyobaki, kisha wakasimama mbele ya kitanda cha msonobari. Mume alikitikisa kuona kama ni imara. Aliuliza kama kinauzwa. Diane aligeuka kumtazama mama yake, na Candide akamwona anataka kusema neno. Akamwahi.

"Kinauzwa," alisema. "Lakini mtakichukua mtoto akishazaliwa? Au leo?"

Wale vijana walitazamana. "Leo," alisema mume. "Leo tuna gari."

"Basi leo."

Hénock alimsaidia yule mume kukitoa nje. Candide alisimama mlangoni mpaka gari lilipokata kona.

"Mama, kilikuwa cha mjukuu wako," Diane alisema.

"Mjukuu wangu ana kitanda. Kitanda ni cha kulalia mtoto, si cha kufutwa vumbi."

Hakulia. Aliufungua ule mfuko wa kwenye ndoano, akatoa nguo zote akaziweka kwenye boksi la kanisa, za wakimbizi wapya. Shali alibaki nalo. Mwisho wa mwezi akamkabidhi Salum funguo, na kabla wiki haijaisha ukuta ulikuwa umevunjwa, na vumbi lake jeupe likatanda kwenye kioo cha saluni ya jirani.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa baridi, wa kike, wakamwita Célestine kwa jina la mama yake Hénock. Candide aliposhika njia kwenda Kempton Park alilibeba shali mkobani. Diane alilipokea, akamfunika mtoto, na alipofurahi hakulazimisha kufurahi. Hayo yalitosha.

Hénock alimwomba abaki wiki mbili tatu. Mtoto alikuwa mwenye kelele, hakujua tofauti ya mchana na usiku, na Diane alikuwa na maumivu ya mshono. Candide alipika uji, alimkanda binti yake kwa maji ya moto, alimbeba mtoto kwa mbeleko na kutembea naye dirishani huku na huku. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, mtoto alipolala, Candide alichukua ufagio.

"Mama, acha," alisema Diane. "Lala. Mimi nipo macho."

"Sijazoea kulala mchana."

"Lala tu."

Alijinyoosha kwenye kochi, kwa nia ya kufumba macho dakika chache ili kumridhisha. Jua la baridi liliingia kupitia pazia likamwangukia miguuni. Alisikia jirani akiosha gari, akasikia Diane akipita taratibu, na baada ya hapo hakusikia kitu.

Alipoamka kulikuwa kunaingia jioni. Alikuwa amefunikwa blanketi na amevuliwa viatu, na hakujua ni nani aliyemvua. Diane alikuwa jikoni, amesimama, anakula wali baridi kutoka kwenye sufuria, mtoto begani. Candide alifikiri ainuke ampokee. Kisha akavuta blanketi mpaka kidevuni, akageukia upande wa pili.