Mstari wa Akiba

Mdogo wangu tulimwita Bwana Mkubwa kabla hajaota meno, kwa sababu alikuwa hakubali kulala mpaka nyumba nzima isimame imwangalie. Basi mwaka huu alipochukua fomu ya kugombea urais, majirani walicheka wakasema jina limempata mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu, redio imewashwa, nikamsikia akiwaambia waandishi wa habari kwa ile sauti yake ya kujiamini: "Mimi nimezaliwa wadi namba mbili ya hospitali ya wilaya. Kitovu changu kimezikwa hapa hapa." Nikaacha kumenya. Wanangu waliponiuliza nina nini, nikasema ni vitunguu.

Kitovu chake kimezikwa ng'ambo ya mpaka. Mama alikuwa muuguzi, na mwaka ule alipelekwa nchi jirani kusoma ukunga, akiwa na mimba ya miezi minne aliyoificha chini ya sare mpaka ikashindwa kufichika. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikabaki na baba. Mama alirudi na cheti cha ukunga mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, baba akamtania kwamba mtihani wa vitendo ameufanyia juu yake mwenyewe. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kadi ya waridi yenye muhuri wa hospitali ya kule. Hakuna aliyeona haja ya kuipeleka ofisi yoyote, kadi ikakaa kabatini miaka kumi na tano.

Sasa mimi. Ni mkuu wa masjala katika ofisi ya vizazi na vifo, mwaka wa thelathini na tatu huu. Anayetaka kujua alizaliwa lini huja kwangu, nami humtazama juu ya miwani utadhani nilikuwepo akizaliwa. Najua ninavyojisikia, hamna haja ya kuniambia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa karani tuliyemwita Mzee Wino. Alinikalisha pembeni yake miezi sita nikinakili kurasa zake, mpaka mwandiko wangu ukawa wake. Siku nyingine alifungua ukurasa wa wiki iliyopita, akaukazia macho, akauliza, "Huyu ni mimi au ni wewe?" Alikuwa na mazoea yake: katika kila ukurasa wa daftari la vizazi aliuacha mtupu mstari wa mwisho. Aliuita mstari wa akiba. Ulikuwa wa mtoto ambaye taarifa yake ingechelewa, kwa mfano mama aliyejifungulia nyumbani akaja ofisini baada ya wiki mbili. Mistari mingi haikuwahi kupata mtoto, na makarani wenzake walimcheka kwamba anaharibu karatasi za serikali.

Na mzee yule hakupindisha jambo. Mwanawe wa kwanza alikosa kuanza shule kwa sababu umri ulipungua wiki tatu. Daftari lilikuwa mezani kwake, kalamu mkononi mwake, lakini tarehe hakuigusa. Mtoto akangoja mwaka mzima nyumbani. Mkewe alimnunia mpaka akachoka, naye akamwambia tu kwamba daftari si mali yake.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini shule ilipodai cheti cha kuzaliwa cha Bwana Mkubwa. Bila cheti, jina lake lisingeingia kwenye orodha ya mtihani, na mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa. Mama alikuja ofisini Jumatatu na kadi ya waridi, akainama kwenye dirisha langu.

"Mwanangu, hii ya nje si itatusumbua?"

"Niachie, mama," nikamwambia. "Mimi niko ndani."

Niko ndani! Hayo ndiyo yalikuwa majivuno yangu. Sisi makarani wadogo tuliamini kwamba aliyezaliwa nje ni mgeni mpaka aombe uraia, na kwamba maombi hayo huchukua miaka. Nani alituambia, sijui. Kitabu cha sheria tulikuwa nacho. Kilikuwa chini ya mguu wa kabati la mafaili, kuzuia lisiyumbe. Mzee Wino angejua, lakini alikuwa likizo ya siku kumi, amekwenda kumzika ndugu yake. Tena niseme bila kuficha: nilifurahi hayupo. Nilijua nikimuuliza atanikatalia, kwa hiyo sikutaka kumuuliza.

Wenzangu walipotoka kwenda kula, nikashusha daftari la mwaka aliozaliwa mdogo wangu. Nikatafuta ukurasa wa wiki ile. Chini kabisa mstari wa akiba ulikuwa mtupu. Nikaandika jina lake, tarehe yake, hospitali ya wilaya, wadi namba mbili, kwa mwandiko wa mzee, hata ile herufi ya "z" aliyoipa mkia mrefu. Kadi ya waridi nikaichana vipande nikaitupa chooni. Jumatano cheti kilikuwa tayari. Mama alinikumbatia pale pale kwenye foleni, nami nikajiona mjanja wa mji mzima.

Mdogo wangu hakuambiwa. Alikulia ndani ya cheti kile, akakiapia, akakijengea hotuba.

Miaka thelathini na mbili baadaye, mwezi uliopita, mtu akaweka pingamizi kwenye tume ya uchaguzi. Alikuwa na nakala ya kitabu cha wazazi cha hospitali ya kule: jina la mama, tarehe, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Tume ikaagiza daftari letu la asili liletwe, na liletwe na mtunzaji wake. Mtunzaji ni mimi.

Siku moja kabla ya shauri, wakili wa mdogo wangu alikuja masjala. Ni binti mchangamfu, hukaa juu ya meza za watu bila kukaribishwa.

"Dada, mbona umepoa hivyo?" akasema. "Hili pingamizi ni upepo tu. Katiba inataka rais awe raia wa kuzaliwa, sawa? Na raia wa kuzaliwa ni yeyote ambaye baba au mama yake ni raia, popote alipozaliwa. Hata angezaliwa juu ya mwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu katiba iandikwe, dada. Si ndiyo maana mna zile fomu za njano? Mzazi analeta karatasi ya hospitali ya nje, mnamwandikisha siku hiyo hiyo." Akashuka mezani. "Kitu kimoja tu kingetuzamisha. Kama cheti alichoapia ni cha kughushi, na ikaonekana yeye au watu wa nyumbani kwake walijua. Hapo tumekwisha."

Akaondoka. Nikafungua droo ya chini kabisa, ile ninayoifuta vumbi kila Jumamosi bila kuitazama. Fomu za njano zilikuwemo; tangu mzee astaafu hakuna aliyekuja kuziomba. Chini yake kulikuwa na faili lenye nakala kumi na moja zilizojazwa, watoto kumi na mmoja waliozaliwa nje, zote zimesainiwa na Mzee Wino. Mbili ni za mwaka ule ule nilioanza kazi. Alizijaza meza ya pili kutoka yangu. Ningemngoja arudi msibani, nikamuuliza swali moja, angevuta karatasi ya njano na mtoto wetu angekuwa na cheti cha kweli. Nilimwibia ndugu yangu kitu kilichokuwa chake, nikampa cha uongo, nikashukuriwa. Nilikaa pale sakafuni na umri wangu huu nikaona haya hata ya kuinuka.

Kesho yake, kwenye ujia wa ukumbi wa tume, Bwana Mkubwa alinishika bega.

"Dada, leo ni wewe tu. Waonyeshe hilo daftari, tumalize."

Nilifungua kinywa. Tai yake ilikuwa imekaa upande. Nikainyoosha tai, nikafunga kinywa.

Ukumbini walikaa makamishna watatu nyuma ya chupa za maji. Mama alikuwa safu ya mbele, amepakata mkoba wake kwa mikono miwili. Wakili wa mweka pingamizi alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyepaza sauti. Alilifungua daftari kwa adabu, akaweka kioo cha kukuzia juu ya mstari wa mwisho.

"Ukurasa mzima umeandikwa kwa wino wa chupa," akasema. "Mstari huu ni wa biro. Mwaka ule biro zilikuwepo ofisini kwenu?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mstari huu uliandikwa baadaye."

"Inaonekana hivyo."

"Mwandiko ni wa nani?"

Shingo ya mdogo wangu, mbele yangu pale, ilikuwa imekakamaa. Mama alikuwa ananitazama usoni. Nilisikia feni ya darini ikizunguka, nikawaza kwamba jibu ni neno moja tu, dogo, ningelitema likaisha.

"Ni wa karani wa zamani," nikasema. "Sasa ni marehemu." Nikataja jina lake kamili, jina ambalo hata ofisini wengi walikuwa hawalijui.

"Una uhakika?"

"Naujua mwandiko wake kuliko wangu."

"Nyumbani kwenu kuna aliyejua?"

"Hakuna."

"Na kwa nini yeye afanye hivyo?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Mtu mzima anaruhusiwa kutokujua sababu za marehemu, wala hakuna ambaye angenibana zaidi. Lakini uongo ukishaupa kiti, unataka na mto. Nikasema, bila kupepesa macho, "Labda alipewa kitu kidogo."

Uamuzi ulitolewa alasiri ile ile. Mgombea kweli amezaliwa nje. Mama yake ni raia, kwa hiyo naye ni raia wa kuzaliwa na ana haki ya kugombea. Kughushi kulifanywa na mtumishi ambaye amekwisha kufariki, mgombea akiwa mtoto wa shule, bila yeye wala familia kujua. Nje watu walipiga vigelegele. Bwana Mkubwa alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka, akaninong'oneza, "Hata mimi sikujua, dada! Kumbe mimi wa ng'ambo!" Alikuwa anacheka. Magazeti ya kesho yake yaliweka jina la mzee ukurasa wa kwanza, na chini yake neno "rushwa" kwa herufi nene.

Nilimrudisha mama kwa gari mpaka mlangoni kwake. Ndipo akasema, "Ungesema hujui." Akateremka peke yake, hakutaka nimshike mkono. Tangu siku hiyo namsalimia, ananiitikia, basi.

Siku ya tisa baada ya uamuzi nilitoka ofisini kwangu kwenda dirisha la masjala, nikamwona mjane wa Mzee Wino kwenye benchi la wateja. Alikuwa amechukua namba, amekaa kati ya wazazi wenye watoto wachanga anangoja zamu kama watu wengine. Mwanamke ambaye enzi zile aliniletea chai ya tangawizi kwenye chupa kila nilipokuwa na mafua. Nilimwahi, nikamwingiza ndani, nikampa kiti changu.

"Shikamoo mama. Kwa nini usiniite tu?"

"Marahaba, mwanangu. Nilijua una kazi." Alikuwa na mfuko wa kitambaa mapajani. Akatoa saa ya ukutani, akaiweka juu ya meza, uso wake chini. Nyuma kulikuwa na kibati cha shaba: jina la mzee, miaka ya utumishi, na maneno "kwa uaminifu wake". Mchango wa saa ile niliukusanya mimi alipostaafu.

"Watoto wamesema turudishe," akasema. "Haifai kukaa ukutani kwetu. Wajukuu wanaisoma."

"Mama, hakuna aliyeidai."

"Najua. Lakini sikuja kwa ajili ya saa." Akavuta pumzi. Aliinamisha kichwa, nikaona mtandio wake umepigwa pasi vizuri, amejiandaa kwa safari hii tangu asubuhi. "Nimekuja kuwaomba radhi. Wewe, na mama yako, na huyo mdogo wako. Nimelala naye miaka arobaini na sita, sikumjua. Alikuita mwanangu, kumbe alikuwa amewafanyia hayo. Na hicho kitu kidogo alichopewa, nyumbani hakikufika, mwanangu. Naapa kwa Mungu hakikufika. Sijui alikipeleka wapi. Ndicho kinachoniumiza, kwamba labda alikuwa na kwingine."

Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa wawili tu. Hapakuwa na kamishna, wala wakili, wala gazeti. Nilikuwa na maneno mawili ya kusema, na mwanamke huyu angerudi nyumbani na mume wake. Nikayatafuta. Nikafikiria karatasi za kura, ambazo zimekwisha kuchapishwa zenye picha ya mdogo wangu. Nikafikiria kiapo changu, na pensheni, na wanangu wakilisoma jina langu gazetini. Yote hayo niliyafikiria haraka sana, na yote yalikuwa visingizio, nami nilijua ni visingizio.

"Yamekwisha, mama," nikasema. "Tumemsamehe."

Akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akauinamia, akanishukuru.