Furushi la Katikati

Watu watatu vidonda vyao vilioza baada ya upasuaji, na wa tatu, mama wa watoto wawili, alifariki Jumanne. Ikafika Alhamisi, hospitali nzima imeshampata muuaji: Mvuke.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa kwenye droo. Miaka kumi na tisa kazi yake ni hiyohiyo: kuosha mikasi na visu vya madaktari, kuvifunga kwa shuka ya kijani, kisha kuvisukuma ndani ya mashine ya mvuke, lidude lenye mlango mzito na kikohozi cha mzee, ili vijidudu vife. Kila furushi alilibandika kwa nje utepe wenye mistari iliyopauka. Joto la mvuke likiupata, mistari inageuka myeusi. Ikiwa myeusi, mpelekee daktari.

Maneno yalianzia kwa Redio, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye hajawahi kuishiwa betri. Saa nne asubuhi Mvuke alikuwa anasinzia kazini. Saa sita alikuwa mlevi. Kufika jioni alikuwa anauza mikasi mipya mjini na kurudisha ya kutu. Na Mvuke mwenyewe, tangu azaliwe, pombe hajaionja hata ya kikohozi.

"Shikamoo, mchinjaji," Redio alimwambia dirishani, alipofuata mafurushi.

"Angalia utepe, dada. Mistari myeusi tii."

"Huo wa nje. Mkate ukiungua juu ndiyo umeiva ndani? Ulishawahi kulifungua la katikati ukaona?"

Wafagiaji wawili wakacheka. Mvuke akafunga dirisha.

Nyumbani mkewe alimwambia, "Mume wangu, usijibizane nao. Mwachie Mungu."

"Nimeshamwachia." Na kweli alinyamaza, ila kimya chake kilikuwa na pembe. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba kwa sauti, "Mungu wangu, waumbue. Uanze na Redio, kisha yule mfagiaji mrefu..."

"Hiyo ni sala au orodha ya watu wa kupigwa?" mkewe akamkatiza. "Mungu unamwachia au unamtuma? Mwombe akuonyeshe na wewe."

"Na mimi nionyeshe," akasema Mvuke, haraka haraka, kama anayesaini kupokea barua ya mtu mwingine.

Ijumaa alfajiri alifika kazini na mpango. Angemziba Redio mdomo mbele za watu. Alikata kipande cha utepe, akakichomeka ndani kabisa ya furushi moja, katikati ya mikasi, akalifunga. Furushi hilo akaliweka katikati ya mengine.

Zamani mashine zilikuwa mbili. Moja ilikufa miezi minne iliyopita, na mafundi walikuja, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Mvuke ndiye aliyewaokoa. Mahali pa mafurushi kumi aliingiza kumi na sita, akayasukuma kwa goti kama nguo kwenye sanduku la msafiri. Hakuna upasuaji uliochelewa. Mganga mkuu alimsifu kwenye kikao, na sifa ile Mvuke alimsimulia mkewe mara mbili jioni hiyohiyo.

Mashine ilipotulia, Redio alichukua mafurushi manne ya mbele, akaondoka akiimba. Mvuke akatabasamu. Akalivuta la katikati ili amfuate na utepe mweusi, akalifungua taratibu, na kucheka alishaanza.

Utepe ulikuwa umepauka. Haukuwa na mstari hata mmoja mweusi.

Aliugeuza. Akaupeleka dirishani penye mwanga, akausugua kwa kidole, kana kwamba weusi umejificha. Chumba kilikuwa kitupu. Angeweza kulifunga tena furushi, akalichemsha upya, na kuanzia leo akapanga kumi tu ili mvuke upenye. Nani angejua? Na si walimsingizia? Ulevi uongo, wizi uongo, usingizi uongo. Kwa uongo wote ule, alikuwa na haki ya kukasirika mpaka siku ya kufa.

Ila yale manne yalishafika chumba cha upasuaji.

Alikimbia. Magoti yake hayakuwa yamekimbia miaka mingi, nayo yalimlalamikia njia nzima. Alisukuma mlango kwa bega. Msichana alikuwa amelala mezani, tumbo limepakwa dawa, na kisu kilikuwa mkononi mwa daktari.

"Daktari, usikate!"

"Umechanganyikiwa?"

"Havijaiva. Ndani havijaiva. Nimepima mwenyewe." Akanyoosha utepe.

Daktari aliutazama utepe, kisha akakirudisha kisu kwenye trei bila kukitupa.

"Si nilise..." Redio akaanza, halafu betri ikamwishia. Yeye ndiye aliyempangia yule mama aliyefariki vyombo mezani.

Ofisini, matroni aliandika maelezo ya Mvuke hadi mwisho.

"Na pombe?"

"Sinywi, mama."

"Kwa hiyo walikusingizia."

"Hilo walinisingizia. La vyombo hawakunisingizia."

Matroni akaweka kalamu chini. Kazi imesimama kuanzia sasa, akamwambia, na mengine yataamuliwa na wakubwa. Mume wa marehemu yuko kwenye benchi la korido, anasubiri cheti. Mvuke apite mlango wa nyuma, aende nyumbani.

"Naomba nipite koridoni, mama."

"Atakuua."

"Inawezekana."

Korido ilikuwa ndefu kuliko jana. Hakuomba mtu yeyote aumbuliwe. Alisema tu, "Mungu, usiniache," na akalisema tena, maana neno jingine hakuwa nalo.

Mwanaume alikuwa peke yake, mfuko wa nguo za mkewe mapajani. Mvuke hakukaa kwenye benchi. Alipiga goti sakafuni mbele yake.

"Ndugu yangu, mimi ndiye niliyechemsha vyombo alivyopasuliwa navyo mkeo."

Mwanaume akamtazama usoni, kisha akamsogelea kidogo, akimnusa.

"Wewe ndiye yule mlevi?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, la kweli kabisa, fupi, safi. Mvuke alilisikia lilivyo tamu, akaliacha hapohapo.

"Ndiye mimi wanayemsema," akajibu, na akaanza kumweleza tangu siku mashine ya pili ilipokufa.