Mlango Uliopanga Foleni Zimamoto

Jumanne asubuhi, Bi Mafunguo alikuwa akipiga deki korido ya shule alipogundua kuwa mlango wa dharura, ule wa ukuta wa nyuma wa darasa la tatu, haupo. Pamebaki ukuta mtupu, rangi safi. Akapitisha tambara hapohapo. Uchafu haungoji mlango.

"Umetoka, bibi," alisema mjukuu wake, anayekaa dawati la mwisho la darasa hilo. "Umeondoka na kufuli lake."

Bi Mafunguo alikuwa na funguo thelathini na moja kiunoni, akitembea unamsikia kabla hujamwona. Ufunguo wa mlango ule tu hakuwa nao. Ulikaa kabatini kwa Mwalimu Mkuu, pamoja na ramani ya jengo ambayo sheria ilitaka ipelekwe zimamoto.

"Ramani ikizagaa, wezi watajua pa kuingilia," Mwalimu Mkuu alikuwa akisema.

"Na moto je, mwalimu?" Bi Mafunguo alimuuliza.

"Moto hausomi ramani."

"Hausomi, baba. Wanaouzima ndio wanaosoma."

Madirisha ya darasa la tatu yana nondo. Kila akimtazama mjukuu wake kule mwisho, chai yake ilipoa kikombeni.

Mlango aliukuta ng'ambo ya barabara, kituo cha zimamoto, umeegemea ukuta, wa tatu kwenye foleni.

"Ni wenu?" aliuliza mkuu wa kikosi. "Upo tangu tufungue. Haujamruka mtu. Una adabu kuliko wateja wangu wengi."

Zamu ya mlango ilipofika, mkuu wa kikosi akakata kufuli kwa mkasi wa chuma, akaufungua. Ndani likawa darasa la tatu, somo la hesabu.

"Shikamoo!" watoto wakaamkia kwa pamoja.

"Marahaba." Wazimamoto wakajifuta buti, wakaingia. Wakapima korido, wakahesabu ngazi, wakachora mahali ulipo mtungi wa gesi jikoni. Karibu na mtungi huo mpishi alikuwa ameanika tambara, nalo likachagua saa hiyohiyo kuwaka.

Moshi ukajaa korido. Watoto sitini na mmoja wakatoka kwa mstari, moja kwa moja hadi kituoni, mjukuu wa kwanza kwa kuwa wa mwisho darasani ndiye jirani wa mlango. Wakapanda gari jekundu, wakapiga king'ora mpaka wakachoka wenyewe. Mpira wa maji ukapita mlangoni, moto ukazimwa mpishi akiwa bado anatafuta pumzi ya kupiga kelele.

"Mmenilowesha unga!" ndiyo shukrani yake.

Bi Mafunguo alicheka hadi funguo zikacheza. Siku hiyo alikunywa chai vikombe vitatu.

Mwalimu Mkuu alifika kwa njia ya barabara, akihema. Akahesabu watoto, wakatimia. Akashukuru sana. Kisha akanyoosha mkono.

"Mchoro wenu huo, tafadhali. Ni siri ya shule."

Akaufungia kabatini juu ya ramani. Mlango ukarudishwa, ukatiwa kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Jumanne iliyofuata ukuta ulikuwa mtupu. Bi Mafunguo akapitisha tambara, akachukua chupa ya chai, akavuka barabara. Mkuu wa kikosi alikuwa ameshaweka mkasi mezani.

"Leo mlango umewahi," alisema. "Ni wa kwanza."