Mtoto Mwenye Adabu Kuliko Wote

Sijui nani aliwaambia watu wa nchi ile kwamba bara letu ni kijiji kimoja. Ziara yetu ya mafunzo ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, mwalimu wa darasa akanishika mkono, akanionyesha binti mdogo aliyekaa kwenye ukingo wa zulia, akaniambia kwa furaha, "Huyu ni wa kwenu." Kumbe kati ya kwao na kwetu kuna nchi nzima, kinachotuunganisha ni Kiswahili tu. Nikatabasamu tu, ningefanyaje.

Tulikuwa wanachuo wa ualimu wa chekechea, tumepelekwa ng'ambo kwa wiki mbili kuona jinsi watoto wa mataifa chungu nzima wanavyofundishwa chumba kimoja. Na chumba chenyewe kilinitia wivu. Salamu za kila lugha ukutani, sinki za kunawia zinazomfikia mtoto kiunoni, sakafu ya mbao inayong'aa. Mwalimu wa darasa alijua kila mtoto kwao wanakula nini na hawali nini, wanasali vipi, nani hapendi kushikwa kichwa. Sijawahi kuona mtu anayeogopa kuwakosea watu kama yule mama.

Akanieleza kwamba huyu "wa kwetu" haongei, na hamtazami mtu mzima usoni. "Tunajua ndiyo heshima ya kwenu, kwa hiyo hatumsumbui. Ana adabu kuliko wote."

Wenzangu wakambandika jina la Bibi Harusi, kwa vile muda wote macho chini. Mimi wananiita Wakili, maana sikubali jambo kabla sijalipinga, na hili nililipinga palepale, moyoni. Kweli, hata kwetu mtoto hamkodolei mkubwa macho. Lakini mtoto wa kwetu akiitwa anaitika, hata awe chooni. Asipoitika, siku hiyo atajua hajui. Sasa adabu gani hii ya kuitwa jina lako na kukaa kimya?

Nikawa namwangalia yeye tu, ratiba nikawaachia wenzangu. Mwalimu akipiga makofi ya kukusanya vitu, watoto wote wanainuka, naye anainuka, ila nyuma yao kidogo. Wakienda kunawa, anakwenda, nyuma kidogo. Nikahama kiti, nikakaa mahali ninapoyaona macho yake vizuri, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anaona haya. Alikuwa anaangalia miguu ya wenzake. Miguu ikiondoka, anaondoka. Ikisimama, anasimama.

Nikapiga magoti nyuma yake, nikamwita jina lake, taratibu, kisha kwa sauti mpaka mtoto wa pembeni akanishangaa. Wapi. Nikakanyaga sakafu kwa kisigino, mbao zikatetemeka, akageuka mara moja akaniangalia usoni, macho makavu kabisa.

Nilimfuata mwalimu wa darasa bila hata kupumua. Akanisikiliza kwa upole wake ule, kisha akasema wao wamefundishwa wasiite ugonjwa kile ambacho ni mila ya watu. Nikafungua mdomo nimjibu. Mhadhiri wetu akanivuta hadi kwenye ukumbi wa nje ya darasa, watoto wanapotundika makoti.

"Wakili, umekuja kusoma au kuendesha kesi? Mgeni ni kuku mweupe. Mwakani unataka watualike au hutaki?"

"Mwakani anaingia darasa la kwanza, mwalimu," nikamwambia. "Huko nako watamsifu. Mtoto asiyesikia hapati maneno, na umri wa kuyapata haumngoji mtu. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nilikuwa nimekasirika. Akavua miwani yake, akaipangusa.

"Mama yake anakuja kumchukua?"

"Anakuja."

"Basi anza na mzazi. Jambo la mtoto wa mtu halianzii kwa mwalimu."

Mama mtu alikuja amevaa sare ya kufanyia usafi, kijana bado, labda ananizidi miaka michache tu. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akasimama kama aliyeguswa begani. "Marahaba, mdogo wangu. Jamani, mimi muda gani sijaamkiwa."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima ya ukumbi, yote yakayeyuka. Nikamwambia, "Dada, mtoto hasikii. Nadhani masikio yake yana shida."

Nilitegemea atashtuka au atanifokea. Aliinama akaanza kumfunga mtoto vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, na alipomaliza akavifungua akaanza upya.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mimi ni mama yake. Nikibamiza mlango hageuki. Nikimwimbia hageuki." Hakuniangalia. "Mdogo wangu, huku nasafisha majengo mawili, asubuhi na jioni. Watu wanapita na viatu juu ya maji yangu kama sipo. Nikija hapa, mwalimu anatoka mpaka mlangoni kuniambia mwanao ana adabu kuliko wote, umemlea vizuri. Hilo ndilo neno zuri pekee nililowahi kuambiwa nchi hii. Kila siku nasema kesho nitawaambia. Nikifika, ananisifu tena."

Nikaona machozi yananilenga, nikageukia makoti ya watoto. Hasira niliyokuwa nayo sikujua nimpe nani. Mwalimu alimheshimu, mama akaheshimika, na katikati yao mtoto amekaa kimya mwaka mzima.

Kisha dada akasimama wima, akamshika binti yake mkono, akarudi naye darasani. Mimi nikamfuata. Mwalimu wa darasa alimwona, akaja na tabasamu lake, mikono tayari imefunguliwa, na sifa zile zile zikaanza.

Dada akainua kiganja kumzuia.

"Mdogo wangu, lugha yao mimi inanipiga chenga. Nitafsirie, usipunguze neno," akasema. "Mwambie aache kunisifia mtoto. Mwanangu hajawahi kunyamaza kwa adabu. Hajui kama anaitwa."